Chumba cha Tatu, Pasua

Kiinua mgongo changu nilikimwaga Pasua:
tofali za kuchoma, bati geji thelathini,
vyumba vitano milango ikitazamana
na choo kimoja mwisho wa korido.
Usharikani wakanishika mkono:
"Mzee Kundaeli, sasa utalala, pesa itaamka."

Pesa haikuamka.
Niliamka mimi.

Saa nane usiku, simu: "Baba mwenye nyumba, umeme umekata."
Mita ni moja, watu kumi na watatu.
Chumba cha kwanza wana friji, wanauza barafu za watoto;
cha pili ana taa moja na vitabu vya chuo,
anauliza kwa nini mchango ulingane.
Nami nauliza hivyo hivyo, mwaka wa nne sasa,
sijapata jibu lisilovunja ujirani.

Kodi naipokea, kodi naitoa. Neno ni lile lile,
ila yangu huja kwa miguu, ikichechemea,
na ya serikali hupita kwenye LUKU
hata kabla taa haijawaka.

Msuya dalali aliniapia: mtu mmoja, mkimya, hana mambo mengi.
Akachukua mwezi wake mzima, akaondoka.
Yule mkimya akashusha mashine ya kuchomelea.

Nipokee mwezi mwezi, au miezi sita kwa mkupuo?
Nikipandisha elfu tano, watahama.
Nisipopandisha, saruji yenyewe ilipanda bila kuniuliza.
Mwanangu wa Dar ananishauri kwa sauti ya mtu
asiyewahi kugonga mlango wa mdaiwa:
"Baba, biashara haina shemeji."

Mkataba niliuandika kwa biro, mjumbe akiwa shahidi.
Kifungu cha nne: kodi tarehe tano.
Kifungu cha saba: ukarabati ni wa mwenye nyumba.
Cha nne nakijua kwa moyo.

Basi huyu Nakijwa wa chumba cha tatu,
muuza mitumba pale Memorial.
Mwezi wa kwanza, mtoto ana homa.
Wa pili, robota limefunguliwa, ndani makoti matupu,
na nani avae koti Moshi mwezi wa pili?
Wa tatu hakusema kitu.
Nikateremka kutoka Mbokomu, daftari kwapani,
mvua ya masika ikinisindikiza hadi mlangoni.
Kufuli.
Majirani hawajui. Majirani hawajui kamwe.

Siku ya nane tulivunja, mimi na mjumbe,
na kijana wa kuchomelea, maana hapo alifaa.

Chumba kimefagiliwa.
Ufunguo juu ya dirisha, umefungwa kwenye kitambaa.
Katikati ya sakafu, pale ambapo mtu angeweka kitanda,
beseni la bluu, maji hadi ukingoni,
na juu yake dari imevimba kama shavu la mwenye jino.
Ti.
Kisha kimya.
Ti.

Mjumbe ndiye aliyeusukuma mlango,
tukaona nyuma yake, kwa mkaa, mwandiko wa mtu asiye na haraka:
*Jumamosi, amesema atakuja na fundi.*
Chini yake, *Jumamosi.*
Chini yake, *Jumamosi, ana msiba.*
*Jumamosi. Jumamosi. Jumamosi, simu haipokelewi.*
Nilihesabu kumi na moja.
Daftarini mwangu mlikuwa na mistari mitatu,
nimeikoleza kwa wino mwekundu.

"Tuandike anadaiwa ngapi?" mjumbe akauliza,
biro tayari.

Simu ikalia. Msuya, sauti imejaa asali:
"Mzee, nina mtu hapa, miezi sita taslimu, tuko njiani.
Anauliza tu kitu kimoja:
hicho chumba hakivuji?"

Nikainama kulibeba beseni.
Mgongo ukalia.
Nikalimwaga nje, kwenye migomba ya jirani,
na nilipogeuka, sakafu tupu nyuma yangu ikajibu:
ti.